Kocha Maloba na Kipa Asiyetazamwa

Naitwa Rehemah. Nauza mitumba ya watoto Busia upande wa Uganda, karibu na pale malori yanapojipanga kungoja forodha, na nacheza kiungo katika timu ya wanawake ya mpira wa magongo. Timu yetu ni Mpakani Sisters. Jina hilo sikulichagua mimi, kwa hiyo msinilaumu. Najitaja mapema kwa sababu msimu uliopita nilikuwa mdomo wa kocha na sikio la kipa. Kocha alikuwa haruhusiwi kumtazama kipa wake usoni wala kusema naye neno. Kipa alikuwa mama mkwe wake.

Sasa nimwache kipa kidogo, nimseme kocha, maana watu wa hapa wanamjua Maloba wa kamba na hawamjui Maloba wa magongo.

Maloba ni Msamia wa hapa hapa. Shangazi yake aliolewa upande wa Kenya, naye akapelekwa huko kusoma, kila muhula anavuka mpaka na sanduku lake la bati. Shule ile haikuwa na timu ya maana ya mpira wa miguu. Ilikuwa na magongo. Mwalimu wa michezo alimpa gongo alilochonga mwenyewe kwa mti wa mpera, zito kiasi kwamba mkono ulikuwa unakufa ganzi, na Maloba akalala nalo kitandani. Hiyo sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na shangazi yake, ambaye mpaka leo anacheka akikumbuka.

Akawa mshambuliaji, tena mwenye maringo. Alipomaliza shule klabu moja ya Nairobi ikamchukua. Huko walilala wachezaji wengi chumba kimoja, jikoni kuna sufuria moja, na ukichelewa mazoezini unakula harufu. Baadaye akahamia klabu ya Kampala, akafunga magoli, akaitwa kambi ya timu ya taifa. Akapiga simu Busia nzima kabla hata hajafungua begi. Mazoezi ya kwanza kabisa, aligeuka kufuata mpira, mwili ukaenda na goti likabaki. Hakuguswa na mtu. Ndiyo ikawa mwisho.

Alirudi nyumbani na begi, bandeji na gongo. Mama yake alipoliona lile gongo akamshukuru Mungu kwamba huko Kampala walau wamempa fimbo ya kutembelea. Maloba hakuwa na nguvu ya kumweleza. Alikaa ndani muda mrefu, kisha njaa ikamtoa, akaanza kazi ya kusaidia madereva wa malori: kusimama foleni kwa niaba yao, kulinda mizigo, na zaidi ya yote kufunga maturubai. Alikuwa na fundo lake. Turubai likifungwa na Maloba halifunguki mpaka Kampala, upepo upende usipende. Ukilivuta linakaza. Kulifungua lazima ujue kamba ipi ya kusukuma, na aliyejua ni yeye. Hilo fundo mlikumbuke, kwa sababu nusura limuue mtu.

Timu ilianza kwa ajili ya mafuta ya mwilini. Mable, yule anayebadilisha pesa mpakani, aliambiwa na daktari atafute mazoezi. Akamkuta Maloba jioni moja kiwanjani, nyuma ya karakana za mzee Zubairi, anapeleka mpira kwa gongo peke yake huku anachechemea. Akamwomba amfundishe. Wiki iliyofuata tulikuwa wengi, wa sokoni, wa saluni, wa mitumba, na kwa kweli hakuna kati yetu aliyekuwa mwembamba. Tulidhani tutakimbia kidogo, tutacheka, tutarudi nyumbani. Maloba akatupanga mstari akasema, "Mimi si daktari wa matumbo. Anayeshika gongo hapa anacheza."

Jamani, alitutesa. Lakini nilimwona mtu akirudi. Yule wa malori alikuwa anasema kwa kunong'ona, macho chini. Huyu wa kiwanjani alisimama wima, akapiga filimbi, akakumbuka jina la kila mtu na kosa la kila mtu. Mwaka uliofuata tukaingia ligi ya mashariki, tunacheza na timu za Tororo, Mbale na Jinja. Tulikuwa tunafungwa sana, lakini tulikuwa timu.

Kiwanja ni cha mzee Zubairi, msafirishaji. Mzee ni mtu mzuri na hasemi uongo. Alituambia waziwazi, "Mradi mko ligini, kiwanja ni chenu. Mkitolewa, naegesha malori yangu. Barabarani yananitia hasara." Hatukuweza kumkasirikia. Hapa Busia kila kipande cha ardhi kinatamaniwa na lori. Maloba aliniambia siku moja tunakusanya mipira, "Rehemah, kiwanja kikienda, mimi nabaki mtu wa kamba." Alisema hivyo tu, akaendelea kukusanya. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Katikati ya msimu kipa wetu Nasifa akaolewa Mbale. Tulicheza ngoma, tukala pilau, kesho yake tukagundua hatuna kipa. Tulimjaribu Sandra. Sandra ni jasiri wa mdomo, ila mpira wa magongo ni mgumu, ukija unakuja kweli, naye alikuwa anafumba macho na kuuombea upite. Na ulikuwa unapita. Tukawa tunaelekea chini, na kila mtu kiwanjani alikuwa anaona malori.

Ndipo Loy, mke wa Maloba, akasema jambo. Tulikuwa kwake tunafua jezi, Maloba hayupo. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Mama alikuwa kipa shuleni. Hakuwa anafungwa."

Mama yake ni Adeke, Mteso wa huko Kwapa, wilaya ya Tororo. Sisi tunamwita Mama Loy. Anakuja Busia na bodaboda kuuza unga wa mtama, ana mabega ya mtu aliyebeba magunia maisha yake yote, na umri wake si mkubwa, maana alimzaa Loy akiwa bado msichana. Sote tuliacha kufua. Kwa Wasamia na kwa Wateso, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Ni heshima, wala si chuki. Kwetu sisi, watu tuliohamia hapa tangu babu, mama mkwe unakaa naye mkeka mmoja mnakunywa chai, lakini hapa nimezaliwa, najua. Nimemwona Maloba kwa macho yangu akiingia chini ya lori la saruji, na nguo zake safi, kwa sababu Mama Loy anakuja na gunia.

Nikatumwa mimi kumuuliza. Mimi hutumwa kwa sababu sina haya, wanasema.

Mama Loy alinisikiliza huku anapima unga. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha Kwapa, "Hiyo helmeti ya kipa, bado iko na chuma mbele?"

"Kipo. Kama wavu."

"Uso naonekana?"

"Kidogo sana, mama."

Akafunga mfuko wa mteja, akafikiri. "Basi mimi nakuja. Ndani ya hiyo kitu mimi si mama mkwe wa mtu. Mimi ni kipa."

Helmeti yenyewe ilikuwa kuukuu, tuliirithi kutoka klabu ya Kampala, na kifungo cha kidevuni kilikuwa kimevunjika. Maloba alikuwa amekiondoa akaweka kamba ya turubai na lile fundo lake. Alimfundisha Loy kulifunga na kulifungua, Loy akawa ndiye anayemvalisha mama yake nyuma ya karakana, na Mama Loy akawa anatokea uwanjani tayari amefunikwa kuanzia utosini mpaka miguuni. Maloba anasimama upande wa pili. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

"Rehemah," anasema kocha, macho yake kwenye miti, "mwambie mama asogee mbele kona ikipigwa."

Mama yuko hatua chache tu kutoka kwake, amesikia kila neno. Lakini mimi nakimbia. "Mama Loy, kocha anasema usogee mbele kona ikipigwa."

"Mwambie nimesikia."

Nakimbia. "Amesikia."

"Mwambie kama amesikia, mbona hasogei?"

Nilipunguza mwili kuliko Mable, na sikuwa nimeandikiwa na daktari. Siku moja niliwaambia nyinyi mna masikio mazuri, mimi ninalo koo moja. Wote wawili wakacheka, kila mmoja akiangalia upande wake, na hakuna kilichobadilika. Tena kulikuwa na jingine. Kipa wa magongo huanguka, hurusha miguu, hulala chali. Mkwe hawezi kutazama mambo hayo. Kwa hiyo kila mpira ulipoingia katika duara letu la mbele ya goli, kocha wetu aligeuka akatupa mgongo. Timu za wageni zilidhani ni uchawi. Kipa wa Jinja aliniuliza kwa siri huyo mtu anaongea na nani huko nyuma.

Lakini Mama Loy alikuwa kipa kweli. Hakuruka sana, alisoma. Alijua mpira utakwenda wapi kabla mpigaji hajaamua. Tukaanza kutoka sare, tukashinda, na ilipofika mechi ya mwisho, Tororo, tulihitaji sare tu tubaki ligini. Tukifungwa tunashuka.

Loy hakuja. Alikuwa amejifungua mtoto wa pili siku chache nyuma. Asubuhi ile Mama Loy akasema helmeti atajifunga mwenyewe, amemwona binti yake akifunga mara nyingi. Akajifunga kwa kupapasa ndani ya gari, na kichwa kikawa imara. Hakuna aliyefikiria habari ya kufungua.

Uwanja wa pale unautazama Mwamba wa Tororo, na vumbi la siku ile lilikuwa linakaa kwenye meno. Mable alifunga mapema, akakimbia kama hajawahi kuambiwa habari za daktari. Tororo wakasawazisha, ikawa bao moja kwa moja. Walikuwa na mchezaji mmoja, jezi namba tisa, mrefu, anapiga mipira ya kuinuka. Kila akiupata mpira Maloba anageuka, sisi tunarudi, Mama Loy anazuia. Moja kwa moja. Robo ya mwisho ilikuwa imebaki kidogo tu niliposikia mlio mzito.

Namba tisa alikuwa amepiga, mpira ukainuka, ukampata Mama Loy chini ya kidevu. Akaanguka chali. Refa akapuliza filimbi. Mwanzo nilidhani amepumzika tu, halafu nikaona mikono yake inashika shingo. Helmeti ilikuwa imesukumwa juu na nyuma, na ile kamba ya turubai imeteleza kutoka kidevuni ikakaa kooni.

Tukamrukia wote. Sandra akavuta kamba. Mable akavuta. Mimi nikavuta. Fundo la Maloba ukilivuta linakaza. Mama Loy alikuwa anatoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani, na sisi ndio tuliokuwa tunamnyonga, kwa mapenzi yetu. Hakuna aliyekuwa na kisu. Nani huenda kucheza na kisu?

Nikainuka kumtafuta Maloba. Alikuwa pale pale pembeni, ametupa mgongo. Mpira uliingia kwenye duara, akageuka, na hajageuka tena, kwa sababu alijua mama yuko chini na hajui yuko chini vipi.

"Kocha. Geuka."

"Rehemah," akasema kwa upole, bado anautazama ule mwamba, "mama amekaa vizuri?"

Mungu anisamehe, nilitaka kumrushia gongo. Nikamwambia, "Mama hapumui. Fundo ni lako. Njoo ulifungue."

Alikimbia. Goti lile ambalo lilimtoa Kampala, sijui alilifanyaje, lakini alikimbia, na refa akampungia mkono apite. Sisi tukatawanyika kumpa nafasi. Akapiga magoti kando ya mama mkwe wake, mbele ya watu wa Tororo na watu wa Busia, na kabla hajanyoosha mikono akafumba macho. Aliyafumba kwelikweli, mpaka uso ukakunjamana. Vidole vikapapasa kamba, vikapita shingoni kwake, vikapata mahali. Hakuvuta. Akasukuma. Fundo likalegea kama halikuwa na ubaya wowote, na helmeti ikatoka.

Mama Loy akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, yenye mikwaruzo, na baada yake akakohoa, akatema, akavuta nyingine. Mimi nikakaa chini pale pale. Nikasikia mtu analia, nikakuta ni mimi. Furaha ya namna ile haina adabu, inakutoa kamasi mbele za watu.

Maloba bado amepiga magoti, macho ameyafumba, mikono ameshika hewa. Hakujua aende wapi.

Mama Loy akamtazama. Jasho linamtiririka, shingo ina alama nyekundu ya kamba. Akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Fungua macho, mwanangu. Mkono umeshanishika. Macho itanifanya nini?"

Akayafungua. Sijui waliona nini. Walikuwa wanafahamiana tangu Loy aolewe na hawajawahi kutazamana hata mara moja. Mama Loy akauliza, "Huyu msichana mrefu. Kona yeye napiga wapi?"

"Kushoto kwako, mama," akasema Maloba. "Anaangalia kulia lakini anapiga kushoto. Kila mara."

"Sasa wewe kwa nini hukusema?"

"Sikuwa naangalia, mama. Rehemah aliniambia wakati wa mapumziko, nikamtuma akwambie."

"Wewe Rehemah," akasema Mama Loy, na mimi pale chini na kamasi zangu nikaanza kujitetea, kwamba nilikuwa njiani kumwambia, kwamba watu wengine wana masikio. Hakuna aliyenisikiliza. Maloba alikuwa anamvalisha helmeti, na safari hii alifunga kitanzi cha kawaida, kile cha viatu vya watoto wa shule.

Refa alikuwa ameona mpira umegusa mguu wa mmoja wetu kabla ya lile pigo, akatoa kona fupi kwa Tororo, adhabu inayompa mpigaji nafasi mbele ya goli. Namba tisa akaangalia kulia. Akapiga kushoto. Mama Loy alikuwa ameshafika kule, ameweka pedi chini, mpira ukaigonga ukatoka nje, na mchezo ukaishia hapo. Moja kwa moja. Tulibaki ligini. Maloba aliona yote, macho wazi, amesimama uso wake ukielekea goli letu.

Kwenye gari mambo yalipoa. Furaha ilikuwepo, lakini kila mtu alikuwa anawaza ukoo utasema nini. Mama Loy alikaa siti ya nyuma kabisa na Maloba mbele kando ya dereva, kama kawaida yao. Mable alimpigia Loy simu akamweleza. Simu aliiweka spika, sote tukasikia. Kisha Loy akauliza, "Mama anapumua?" Tukasema anapumua. "Basi hayo mengine wazee wapo," akasema, na tukamsikia analia kwa kucheka.

Jumapili Osborn, kaka mkubwa wa Mama Loy, akaja kutoka Kwapa. Ni mzee mkavu, hacheki ovyo. Akawakalisha wazee wa pande mbili nyumbani kwa baba yake Maloba, akaniita mimi kama shahidi. Akaniuliza mkwe alimshika mama wapi. Nikasema shingoni, kwenye kamba. Akauliza macho yalikuwa wapi. Nikasema yamefumbwa, mpaka mama mwenyewe alipomwambia afungue. Osborn mdomo ukaanza kumcheza. Akasema, "Mwanaume alikimbia na goti bovu, akafumba macho. Huyo heshima anayo. Tumwondolee tu mzigo."

Wakakubaliana wao kwa wao namna ya kuumaliza. Maloba apeleke kondoo na blanketi, Mama Loy achinje jogoo, na wawili hao washikane mikono mbele ya watu, haya ikome. Ikafanyika. Nilikuwepo, nikala, na mkono wa Maloba ulipoingia katika mkono wa Mama Loy nilisikia watu wote nyumba nzima wanashusha pumzi. Mzee Zubairi naye alikuja kusalimia. Alisema malori yake yameshazoea barabara.

Jumanne tukarudi mazoezini. Maloba akapiga filimbi, akatupanga, akatazama miti. "Rehemah," akasema, "mwambie mama..."

Mama Loy alikuwa amesimama mbele yake, kichwa wazi, helmeti ameikumbatia kifuani.

"Niko hapa," akasema. "Nifungie."

Maloba akaichukua, akamvalisha polepole, akamtazama usoni kupitia ule wavu wa chuma huku vidole vinafanya kazi chini ya kidevu.

"Isikaze sana," akasema Mama Loy.

"Haikazi, mama. Nimefunga ya kufunguka."

Mimi nikakaa chini kwenye nyasi nikanywa maji. Hakuna aliyenituma popote.